Harusi ya Mrehani

Jumatatu, tarehe 3 Novemba. Ukungu mwembamba ulilala juu ya mashamba ya mtama, na baridi ilikuwa ile ya kwanza ya mwaka, inayomfanya mtu anawe uso harakaharaka. Jua lilitoka jekundu, bila joto. Nilikuwa nimekwisha kuoga, nikamwagilia mrehani wangu uani, nikamzunguka na kusema sala yangu ya kila asubuhi: Ee Vithoba, watu wetu wanaondoka kesho. Uwapeleke salama, uwarudishe salama.

Kesho yake malori yangekuja. Diwali ikishapita, kijiji chetu cha Khadkewadi huhama kwenda kukata miwa ya viwanda vya sukari huko magharibi, na hakirudi mpaka joto kali lianze. Hubaki wazee, mbuzi wagonjwa, na watoto ambao wazazi wao wamepata mtu wa kuwaachia. Mimi nilikata miwa mpaka mgongo ukakataa. Mume wangu alipofariki nikarudi kwa kaka yangu Uttam, akanipa chumba kimoja ng'ambo ya uwanja wake. Sasa mimi ni mtu wa kubaki.

Siku hiyo ilikuwa pia siku ya kumwoza mrehani: kila mwaka kila nyumba humpaka mrehani wake manjano kama bibi harusi na kumwoza kwa mungu Krishna. Nilivuka uwanja kwenda kuazima jiwe la kusagia kwa wifi yangu Sojar, nikamkuta analitumia. Alikuwa anasaga manjano. Jiwe lilizunguka na kunguruma, naye hakuwa akiimba. Nikasimama mlangoni. Sijawahi kumwona mwanamke wa kwetu akisaga manjano bila wimbo.

"Wifi," nikamtania, "manjano yote hayo ya nini? Mrehani wako amenenepa kiasi hicho mwaka huu?"

Sojar ana ulimi mkali kuliko panga lake. Siku nyingine angenijibu kwamba aliyenenepa ni mimi. Siku hiyo hakuinua macho.

"Yakibaki tutapikia."

"Mtapikia mpaka sikukuu ya Holi."

"Wifi Anusaya, wewe huna kazi nyumbani kwako?"

Nikaingia ili nikae, nikakisogeza kikapu kilichokuwa njiani. Kilikuwa kimefunikwa kitambaa, na ndani yake kitu kikalia kama kioo. Nikafunua. Zilikuwa bangili za kijani, zile anazovaa bibi harusi. Nikachukua moja nikaijaribu mkononi. Haikupita hata vifundo vya vidole. Mikono ya Sojar ni mipana kama yangu. Miwa imetupanua sote. Katika nyumba ile ulikuwamo mkono mmoja tu mdogo hivyo.

"Pranali," nilisema.

Jiwe likasimama.

"Punguza sauti," Sojar akasema.

"Ana miaka kumi na minne!"

"Najua ana miaka mingapi. Nilimzaa mimi."

"Lini?"

"Leo jioni. Tukishamwoza mrehani. Watu wa ndani tu. Nani atashangaa kusikia nyimbo za harusi leo? Kila uwanja utakuwa unaimba."

Niliketi chini bila kupenda. Jina la Pranali nililitoa mimi. Siku ya kumwita jina nilimnong'oneza sikioni akiwa kwenye susu, kama shangazi wa kwetu anavyopaswa, naye akanipiga teke shavuni. Sasa yuko darasa la nane na huwacheka watu wazima wanaokosea hesabu.

"Anaolewa na nani?"

"Datta wa Borgaon. Kijana mtulivu. Nyapara Bajrang, anayetuandikisha kwenye miwa, hamchukui, kwa sababu ni nusu panga."

Kwetu watu hawahesabiwi kwa vichwa bali kwa mapanga. Panga moja ni mume na mke: mume anakata, mke anakusanya na kufunga, kisha anabeba matita kichwani mpaka kwenye lori. Kijana asiye na mke ni nusu panga, na manyapara hawataki nusu. Kwa hiyo kila mwaka, malori yakikaribia, vijana hutafutiwa nusu zao. Na nusu hizo huwa ni watoto.

"Usinitazame hivyo," Sojar alisema. Sasa alikuwa analia, lakini kwa hasira. "Mwaka jana nilimwacha kwa mama yenu. Mama yenu amekufa na mvua hizi. Bweni la shule walisema litafunguliwa kwa watoto wa wakata miwa, limefunguliwa? Kufuli lina kutu. Unamkumbuka yule binti wa nyuma ya kilima, aliyebaki na babu yake kiziwi? Walimkuta wapi?"

Walimkuta kisimani. Aliyemfikisha kisimani hakujulikana mpaka leo, au anajulikana na watu wananyamaza.

"Miezi sita, wifi! Kila jioni huko nikifunga miwa nasikia kama ananiita. Nikimwoza, tutakuwa kambi moja. Nitamwona kila siku kwa macho yangu. Atakuwa na mtu wake, hakuna atakayemgusa."

"Niachie mimi."

"Wewe?" Alijifuta pua kwa pindo la sari. "Wewe unayesinzia ukisali? Wewe hujalea binti hata mmoja."

Lilikuwa kweli. Niliowazaa hawakuishi. Nilimwona akilijutia neno lake lile hapo hapo, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Na ukienda kumwambia yule mwalimu wako wa kusoma," akaongeza polepole, "polisi watakuja, kaka yako atalala ndani, na lori litaondoka bila sisi. Ufikirie hilo ukiwa kwenye sala zako."

Jiwe likaanza kunguruma tena. Nikatoka.

Nilikwenda shuleni hivyo hivyo. Sikuwa na shauri lolote. Nilitaka tu kumwona mtoto. Mwalimu Ujwala, anayetufundisha sisi watu wazima jioni, hakuwapo. Walimu wote walikuwa wamechukuliwa siku hiyo kwenda mjini kwa kazi za uchaguzi. Watoto walikuwa wameachwa na mpishi wa shule. Pranali alikuwa amesimama mbele ya wadogo na kijiti mkononi, akiwaimbisha hesabu za kuzidisha.

"Wanafunzi, simameni!" akapaza sauti aliponiona. "Mwanafunzi wetu mkongwe amefika! Shangazi, darasa lako ni la jioni. Au zile herufi zako zimekufukuza nyumbani?"

Watoto wakacheka. Ni yeye anayenisahihishia kazi zangu, na husema herufi yangu ya kwanza inafanana na nge aliyekanyagwa. Nilijaribu kucheka nao. Uso ulinikaza kama uliopakwa udongo.

"Endelea na kazi, mwalimu," nikamwambia. "Nimekuja kunywa maji."

Nikazunguka nyuma, kwenye pampu. Kwenye ukuta wa pale pamechorwa mtoto ameshika simu, na chini yake pana maneno na namba: mtoto akiwa hatarini, piga hapa. Yalikuwa maneno ya kwanza niliyoyasoma maishani mwangu bila kusaidiwa. Niliyasoma kwa sauti, jioni moja kabla ya mvua, na darasa zima la wanawake likanipigia makofi. Siku hiyo nilifurahia kusoma tu. Sikufikiri kwamba namba ile ilikuwa inanisubiri.

Nikatoa simu yangu ndogo. Ee Vithoba, nikasema, kama ni kosa, uzime hii simu. Haikuzimika. Ikaita, akapokea binti mwenye sauti ya upole.

"Mama, sema polepole. Mtoto yuko wapi sasa hivi?"

Nikamweleza: kijiji, harusi ya jioni, umri wa mtoto. Niliongea huku nimefunika mdomo kwa mkono kama mwizi.

"Jina la baba yake?"

Kila mwaka mimi humfunga Uttam uzi mkononi, naye huahidi kunilinda. Na tangu niwe mjane hajawahi kula mkate bila kuniletea wangu ungali moto. Na sasa mkono ule ule niliokuwa nikiufunga uzi, nilikuwa naunyoosha kwa watu wa pingu.

"Uttam," nilisema.

Simu ikakatika. Kwetu mabondeni mtandao huja na kuondoka kama upepo. Nilipiga tena na tena, haikuita. Sikujua alikuwa amesikia nini na hakusikia nini. Tangu hapo nilikuwa na hofu mbili kifuani na kila moja ilikuwa inaisukuma nyingine: niliogopa waje, na niliogopa wasije.

Pranali nilimwambia njiani, tukirudi nyumbani. Sikutaka asikie kwa bangili.

"Kesho tuna mtihani wa hisabati," alisema, kama kwamba hilo limemaliza shauri. Akatembea kidogo. "Nani?"

"Datta wa Borgaon."

"Yule aliyeanguka shimoni akimfukuza mbuzi wake mwenyewe?" Akacheka, na kicheko kikavunjika katikati. Alisimama. Begi lilikuwa limemshuka begani, naye hakulipandisha. "Shangazi, nikikimbia, nikimbilie wapi?"

Nilitazama barabara. Vilima, mashamba yaliyovunwa, mti mmoja mmoja, na jua limeanza kuinama. Binti peke yake kwenye barabara ile jioni ndicho hasa kitu ambacho mama yake anakiogopa. Nami nilikiogopa.

"Usikimbie. Kaa karibu nami. Nitasema neno."

"Neno gani?"

"Bado sijui."

"Wewe, shangazi?" Alinitazama kwa huruma, mtoto akimhurumia mtu mzima. "Wewe hata mbuzi akiingia jikoni mwako unamwomba radhi."

Nilimpeleka mpaka mlangoni. Sojar alikuwa anamngojea na sari ya njano mkononi. Alimwosha uso yeye mwenyewe, kwa upole, kama unavyomwosha mtoto mwenye homa. Nikashindwa kuangalia. Nikaondoka kwenda kwenye hekalu dogo la Mahadeva, pale penye mti mtakatifu wa beli, nikachuma majani. Mkono ulichuma kabla moyo haujakubali.

Kwetu mtu akiinua majani ya beli na manjano mbele ya watu, shughuli zote husimama mpaka asikilizwe. Na akiapa kisha akavunja, taa ya nyumba yake huzimika. Baba yangu alimwona mtu aliyeapa hivyo uongo juu ya mpaka wa shamba. Nyumba yake ilibaki magofu, na mpaka leo watu wakipita pale hawageuzi shingo. Sijapata kuona mwanamke akiinua manjano. Wanaume wenyewe huyaogopa. Nilipiga magoti nikaomba nisiyatumie. Nikaomba kitu kingine kitokee: lori liharibike, mvua inyeshe, mzee Vaman, anayesoma beti za harusi, aumwe koo.

Hakuna kilichotokea. Ng'ombe walirudi na vumbi lao, na nyimbo zikaanza kutoka kila uwanja.

Uwanjani kwa kaka yangu mrehani alikuwa amepambwa, chungu chake kimepakwa chokaa, miwa minne imefungwa juu yake kama kibanda. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa komeo, jambo ambalo halifanyiki siku hiyo. Walikuwapo ndugu wachache. Mzee Vaman alikuwa ameketi karibu na taa. Nyapara Bajrang alikaa juu ya kitanda cha kamba, peke yake, viatu amevivua pembeni. Datta alikuwa amesimama na mjomba wake, mtu mwenye masharubu na sauti kubwa. Kijana mwenyewe alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Na nyuma ya Sojar alisimama Pranali, amevaa sari ya njano iliyomzidi, bangili za kijani mikono yote miwili. Hakuniangalia hata mara moja. Nadhani aliogopa kwamba akiniangalia ataniamini.

Wakamwoza mrehani. Kaka yangu na Bajrang walishika kile kitambaa cheupe kinachowatenga maharusi, kila mtu ncha yake, kati ya chungu na Krishna mdogo wa shaba. Mzee Vaman akaimba, na kila ubeti aliumaliza kwa neno lile la siku zote: "Jihadharini!" Nimelisikia katika harusi zote za maisha yangu. Sikuwahi kulisikia kama onyo. Kitambaa kikashushwa, tukarusha mchele, watu wakapiga makofi.

"Haya," Bajrang akasema bila kuketi. "Haraka sasa. Dereva ananiambia atafika mapema."

Kitambaa kikainuliwa tena. Upande huu wakamsogeza Datta. Upande ule Sojar akamsukuma binti yake taratibu, mkono mgongoni. Kitambaa kilikuwa kimemfika Pranali juu ya paji la uso, nikaona vidole vyake tu, vimeshika pindo la sari, vimekuwa vyeupe.

Mzee Vaman akafungua kinywa. Mara ukasikika mngurumo nje, taa kali zikapita juu ya ukuta, zikaangaza miwa na nyuso zetu. Kila mtu aliganda. Kaka yangu alikuwa amekwisha kuwa na rangi ya majivu. Hata mimi niliyewaita nilitamani kuingia ndani ya chungu cha mrehani nijifiche.

"Ni lori!" mtu akaita kutoka barabarani. "Nyapara yuko huko?"

Watu wakapumua. Mjomba wa Datta akacheka kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. "Mzee, imba! Unangoja tuzeeke?"

"Jihad..." mzee Vaman akaanza kutoka mwisho, kwa kuchanganyikiwa.

Sahani ya manjano ilikuwa miguuni pangu. Niliinama. Sikumbuki kuamua. Nilipoinuka nilikuwa nimeishika juu ya kichwa kwa mikono miwili, na majani yangu ya beli juu yake, na unga wa njano ukinimwagikia machoni.

"Nimeinua," nilisema. Sauti ilitoka ndogo kama ya kuku. Nikarudia: "Nimeinua beli na manjano! Nisikilizeni!"

Mzee Vaman alifunga mdomo wake. Mwanamke mmoja akavuta watoto wake nyuma.

"Dada, shusha," kaka yangu akasema. "Shusha, nakuomba. Hujui unalolifanya."

"Mama Anusaya ameanza kusoma, sasa anataka kutuhubiria," Bajrang akasema. "Shusha sahani, mama. Lori linakula mafuta."

"Sisemi nawe, nyapara. Nasema na wifi yangu." Manjano yalikuwa yanashuka kama mvua. "Sojar, ulisema hakuna wa kumlinda. Naapa mbele ya mrehani huyu: Pranali atalala mkeka mmoja nami, mimi upande wa mlango. Nitampeleka shule na kumrudisha, kila siku, mpaka utakaporudi."

"Usiape!" Sojar alipiga kelele. "Wifi, usijifunge kwa usiloliweza!" Hapo ndipo niliposikia kwamba ananiogopea mimi pia.

"Niulize."

"Mgongo wako ukikushika?"

"Nitatembea nimeinama. Atanicheka, lakini nitafika."

Mtu alicheka nyuma, akanyamaza.

"Ukiugua?"

"Nitamkabidhi kwa Mwalimu Ujwala mkono kwa mkono, si kwa jirani, si kwa mtu wa njiani."

"Na mtu akija mlangoni?" Sauti yake ilishuka. Hilo ndilo lililokuwa swali lake tangu mwanzo. Mengine yote yalikuwa ya kulizunguka. "Mwanamume. Mwenye jina. Akija akisema: fungua, utanifanya nini wewe mjane wa peke yako? Utafanya nini?"

"Nitapiga kelele. Na nitapiga ile namba ya watoto iliyo kwenye ukuta wa shule. Ninajua kuisoma." Nikamgeukia kaka yangu. "Nimeshaipiga leo. Mchana. Nimetaja kijiji, na nimetaja jina la kaka yangu."

Uwanja wa jirani ulikuwa unaimba na kupiga makofi. Bajrang aliachia ncha yake ya kitambaa, akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu, bila kuangalia chini.

"Umetaja jina langu," kaka yangu alisema. Hakuuliza.

"Jina lako, Uttam. Kama watakuja, nitasimama nao mlangoni niseme mimi ndiye niliyeita, na niseme harusi haikuwapo. Lakini nitaweza kusema hivyo ikiwa haikuwapo kweli. Siwezi kusema uongo nikiwa na manjano haya kichwani."

Alibaki ameshika ncha yake, kitambaa kikining'inia mpaka chini kwenye vumbi. Sasa kila mtu alimwona Pranali vizuri, na Datta upande wa pili, mdomo wazi.

Mjomba mwenye masharubu akalipuka. "Na kijana wetu je? Nyapara, si ulisema nusu panga hapandi lori? Tumetoka Borgaon kuja kuchekwa na wajane?"

Datta akainua kichwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiongea. "Mjomba," akasema kwa aibu, "wewe una mikono miwili. Tuwe panga moja mimi nawe. Mimi nitakata, wewe utafunga."

"Mimi? Nifunge miwa kama mwanamke?"

"Sari ya njano iko tayari," mwanamke mmoja akaitikia kutoka nyuma. "Masharubu tutamfunikia!"

Walicheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wameshikilia pumzi, kikatoka chote mara moja, na hata Datta alicheka. Mjomba aliita uwanja mzima majina mabaya, lakini hakutoka. Bajrang alikuwa amevipata viatu. "Panga ni panga," akanung'unika akiwa mlangoni. "Awe na masharubu au asiwe nayo. Mimi sikuona harusi yoyote hapa." Akafungua komeo, akatoka.

Nilikuwa bado nimeinua. Mabega yaliniwaka moto. Sikuweza kushusha kabla ya kujibiwa, maana ndivyo ilivyo: kiapo kisichopokewa humrudia mwenyewe. Na niliogopa kuliko asubuhi. Asubuhi niliogopa kwa ajili ya Pranali. Sasa niliona miezi yote ile mbele yangu, jioni baada ya jioni, mlango wangu wa mabati wenye kitasa kibovu, na mtoto amelala nyuma yangu. Ee Vithoba, nikasema moyoni, kama hutakesha nami, sitaweza.

Pranali alitoka nyuma ya kile kitambaa. Akaja akasimama karibu nami, akanyoosha mikono, akashika sahani upande wa chini, kunipunguzia uzito. Bangili zililia.

"Mama," alisema, "na mimi ninaogopa. Hakuna aliyeniuliza, lakini ninaogopa. Naogopa kubaki na naogopa kwenda. Ila kubaki nitaogopa nikiwa na kitabu changu."

Kaka yangu akakunja kitambaa. Alikikunja taratibu, mara mbili, mara nne, kama mtu anayekunja nguo ya marehemu, akakiweka begani kwake. Hakuniangalia. Akamtazama mkewe.

Sojar alikuja. Alianza kumvua mtoto bangili, moja moja, akimbana kiganja ili zipite, na Pranali hakuachia sahani, kwa hiyo ilikuwa kazi ngumu. Zilipokwisha, Sojar alisimama kwa ncha za vidole, akatumbukiza mikono yake yote miwili ndani ya manjano mpaka vifundoni. Watu wakasogea. Mzee Vaman akasimama, maana kiapo hupokelewa watu wakiwa wamesimama.

Alipoitoa mikono ilikuwa ya njano kama yangu.

"Mnasikia wote," alisema. "Mzee Vaman, unasikia. Mume wangu, unasikia. Nimepokea kiapo cha wifi yangu. Na mimi naapa mbele ya mrehani huyu: binti yangu Pranali anabaki, anasoma, na simwozi kwa mtu yeyote mpaka shule yake iishe na yeye mwenyewe aseme ndiyo kwa mdomo wake."